Jinsi ya kuzunguka Ulaya na mwenzi wako mkilala kwa marafiki: Amsterdam mpaka Berlin ndani ya wiki mbili

Hii ni kwa wale mume na mke, au wachumba, mlioko Bongo au Kenya na mna marafiki wametapakaa Ulaya, kila sikukuu wanapiga simu "njooni basi mtutembelee" na nyie mnaitikia inshallah mwaka unapita. Nitatumia njia moja ninayoijua, Amsterdam, Brussels, Paris, Cologne halafu Berlin, siku nyingi mnalala kwa watu na siku chache mnalipia chumba. Kama wako wapo Milan au Stockholm badilisha miji tu, utaratibu ni uleule.

Jambo moja niliseme mapema maana kila kitu hapa chini kimesimama juu yake: ratiba ifuate watu na siku zao za mapumziko, isifuate picha. Mnara wa Eiffel upo Jumatatu na upo Jumapili, ila rafiki yako anayefanya shifti hospitalini anaweza akawa na wikiendi moja tu huru mwezi mzima, na ukifika siku ambayo yupo kazini na watoto wapo shule utakaa sebuleni kwake unaangalia ukuta.

1. Ongea na wenyeji kabla hujagusa tiketi

Miezi mitano hivi kabla ya safari mtumie kila rafiki meseji yake, sio meseji ya grupu, ya grupu kila mtu anaweka emoji ya moyo na hakuna anayejibu. Muulize vitu vitatu: tarehe gani yupo huru, nyumbani kuna nafasi ya watu wawili kweli au anakuonea aibu tu, na mwenzake (shemeji yako huyo) ameridhika. Nyumba za kule ni ndogo jamani, vyumba viwili na watoto wawili, sasa mkiongezeka nyie wawili na masanduku ndo mnalala sebuleni na kila mtu anawaruka asubuhi akienda kazini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa Ulaya naona ndo kipimo chenyewe, usiku mbili mpaka tatu kwa mtu mmoja. Anayewabembeleza mkae zaidi sawa, ila mzigo wa safari usimwangukie mtu mmoja.

Mfano wa ratiba: Amsterdam usiku 3, Brussels 2, Paris 3, Cologne 1, Berlin 5. Paris mlipie hoteli hata kama mna rafiki pale, nitasema kwa nini. Na gawaneni marafiki sawasawa, sio safari nzima ni ya washkaji wa mume wa chuo na mke anatabasamu tu kwenye meza ambayo stori zote hazijui.

2. Viza, hapa usiharakishe

Nchi zote kwenye njia hii zipo Schengen kwahiyo viza moja inatosha, inakupa mpaka siku 90 ndani ya siku 180. Unaomba kwa nchi ambayo utakaa siku nyingi kuliko nyingine, na kama zimelingana basi ile utakayoingia kwanza. Kwa ratiba ya hapo juu Ujerumani ina usiku 6 (Cologne na Berlin) kwahiyo mnaomba Ujerumani ingawa ndege inatua Amsterdam. Watu wengi wanachanganya hapa, wanaenda kuomba kule wanakosikia kuna urahisi halafu ratiba yao yenyewe inawaumbua.

Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Mnaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla na isiwe chini ya siku 15 kabla ya safari, jibu kwa kawaida ni siku 15 lakini wana haki ya kwenda mpaka 45. Tatizo kubwa huwa ni kupata miadi, miezi ya kuelekea kiangazi nafasi zinaisha haraka sana, kwahiyo kamata tarehe mapema hata kama karatasi hazijakamilika zote.

Karatasi ni hizi: pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10, yenye kurasa mbili wazi na inayodumu angalau miezi mitatu baada ya kutoka Ulaya, picha, bima ya safari ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 na iwe inafanya kazi Schengen nzima, taarifa za benki za miezi ya karibuni, barua ya kazini yenye ruhusa ya likizo na slipu za mshahara, au kama umejiajiri basi leseni ya biashara, TIN na karatasi za usajili wa kampuni (Tanzania ni BRELA), oda ya tiketi ya kwenda na kurudi, na uthibitisho wa kulala kila usiku. Kila usiku, sio miji miwili tu uliyoipenda.

Kwa wanandoa kuna mambo mawili. Kwanza, kila mtu anaomba kivyake, fomu yake, bima yake, kopi zake zote, msiweke cheti cha ndoa kimoja kwenye faili la mke mkadhani la mume litaonekana lenyewe, na kama kipo Kiswahili tupu kitafsiriwe. Pili, inawezekana mmoja akapewa na mwingine akanyimwa, kwahiyo msilipie tiketi isiyorudishika kabla ya viza zote mbili kutoka. Wachumba hamna cheti, hivyo kila mmoja lazima asimame na hela zake na sababu zake za kurudi nyumbani. Na zile hela za kuazima zinazoingia benki wiki moja kabla ya miadi, afisa anaziona, kaona za watu elfu kabla yenu.

Mwaliko: ukisema unalala kwa rafiki, barua ya kawaida aliyoandika kwa mkono mara nyingi haitoshi, kila nchi ina karatasi yake rasmi. Ujerumani rafiki anaenda ofisi ya wageni anasaini Verpflichtungserklärung, yuro 29, hapo anakubali kisheria kubeba gharama zenu zikitokea. Ufaransa ni attestation d'accueil, inatoka manispaa anapoishi kwa stempu ya yuro 30, Uholanzi wana fomu inayohalalishwa manispaa, Ubelgiji wana prise en charge. Ona sasa unamwomba mtu aende ofisini, aonyeshe mshahara wake na mkataba wa nyumba kwa ajili yenu. Kwahiyo mwombe mmoja tu, yule wa nchi mnayoombea viza, na alitume original kwa DHL mapema. Miji mingine wekeni oda za hoteli zinazofutika bure, na mkifuta mhakikishe mnafuta ndani ya muda.

London haimo. Uingereza ina viza yake, Ireland hivyohivyo, na kama viza yenu ya Schengen ni ya kuingia mara moja mkitoka kwenda London ndo basi hamrudi Paris.

3. Ndege na treni

Tafuteni tiketi inayotua mji mmoja na kuondokea mji mwingine, yaani mnaingia Amsterdam mnatokea Berlin, kwenye kutafuta chagua "miji mingi". Bei mara nyingi haipishani sana na ya kwenda na kurudi, na mnaokoa siku nzima na hela ya treni ya kurudi mlikoanzia.

Kati ya miji ni treni. Amsterdam kwenda Brussels kuna Eurostar ya haraka na kuna EuroCity ya bei nafuu zaidi, Brussels mpaka Paris Eurostar ni kama saa moja na nusu tu, Paris mpaka Cologne Eurostar nyingine saa tatu na ushee, Cologne mpaka Berlin ni ICE, treni ya kasi ya Wajerumani, masaa manne na nusu hivi. Tiketi za Eurostar na ICE zinapanda bei kadri siku inavyokaribia, ukinunua mapema unaweza kulipa hata chini ya nusu ya anayenunua stesheni asubuhi ileile. Ila nunueni viza zikishatoka. Mabasi ya FlixBus ni rahisi zaidi ya yote, kwa Amsterdam na Brussels yanafaa kabisa, Paris mpaka Berlin kwa basi sikushauri kama mnapendana.

Mtasikia habari za pasi ya treni: Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, nyie wa huku mnanunua Eurail. Kwa miji mitano piga hesabu kwanza, maana hata ukiwa na pasi Eurostar wanataka ulipie siti juu yake.

Treni ikichelewa, na za Ujerumani zinachelewa wala sio siri, sheria ya Ulaya inasema kuanzia dakika 60 unaweza kudai robo ya nauli na kuanzia masaa mawili nusu yake. Tunza tiketi. Na pasipoti ziwe mwilini mkiwa safarini, hakuna mipaka kwa maana ya zamani lakini Ujerumani tangu Septemba 2024 imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, polisi wanapanda wanapita siti kwa siti.

4. Masanduku na zawadi

Sanduku moja la wastani kila mtu, mwisho. Treni hawapimi kilo lakini unalibeba mwenyewe, na metro za Paris ni ngazi, ngazi, ngazi, halafu unafika kwa rafiki anakwambia ghorofa ya nne na lifti haipo. Mashine ya kufulia nyumba nyingi ipo, nguo za siku tano zinatosha wiki mbili.

Zawadi ndo panachekesha maana kila mama anataka kumpelekea mtu kitu. Kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hakuna kuingiza nyama wala maziwa ya aina yoyote, hata samli, hata nyama ya kopo. Matunda bila cheti cha afya ya mimea yanayoruhusiwa ni nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani, kwahiyo embe na parachichi vinaishia pipani Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, ukiangalia kwa macho. Dagaa wakavu ruksa, samaki wanaruhusu mpaka kilo 20, ila fungeni mifuko mitatu mitatu maana nguo zitanuka mpaka Berlin. Asali mpaka kilo mbili. Vingine visivyo na shida: kahawa ya Kagera, majani ya chai, viungo vya pilau vya Zanzibar, korosho za Mtwara, khanga. Khanga haina mwenyeji anayeikataa, hata shemeji Mjerumani anaitundika ukutani.

5. Siku ya kufika

Mfumo mpya wa mpakani, EES, ulianza Oktoba 2025, badala ya muhuri wanawasajili kwenye kompyuta na kuwapiga picha, mara ya kwanza foleni inaweza kuwa ndefu kwahiyo msimpe mwenyeji saa kamili ya kuja kuwapokea. Wekeni mkononi mwaliko, bima na tiketi ya kurudi, afisa anaweza kuuliza tena yote yale ya ubalozini. Mkiulizwa mnakwenda kwa nani mjibu kitu kimoja wote wawili, maana mume akisema utalii na mke akisema kumsalimia dada hapo mtakaa benchi kidogo.

Laini ya simu nunueni Uholanzi, pale hawahangaiki na usajili, na bando la nchi moja ya Umoja wa Ulaya linafanya kazi na hizo nyingine. Pesa: Uholanzi sehemu nyingi wanataka kadi tu, Ujerumani bado utakutana na mgahawa unaotaka keshi, kwahiyo muwe na vyote. ATM ikikuuliza ikukatie kwa shilingi au kwa yuro, chagua yuro, hiyo ya shilingi bei yao ni ya kukukomoa.

6. Mji kwa mji

Amsterdam. Tramu na treni unagusisha kadi ya benki ukipanda na unagusisha tena ukishuka, ukisahau ya kushuka wanakata zaidi. Kadi moja mtu mmoja, mke na mume hamuwezi kugusa kadi ileile, jipangeni kadi mbili toka nyumbani. Nyumba ya Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyejificha Wanazi, tiketi ni mtandaoni tu, zinatolewa kila Jumanne kwa ajili ya wiki sita mbele na zinaisha. Makumbusho ya mchoraji Van Gogh nayo ni kwa saa maalum. Vya bure: feri nyuma ya stesheni kuu zinazovuka maji ya IJ, panda tu, na kutembea pembeni ya mifereji jioni. Njia nyekundu ni ya baiskeli, msisimame pale kupiga selfi, hawapigi breki wale.

Brussels. Grand-Place nusu siku inatosha, yule mtoto anayekojoa, Manneken Pis, mtamuona na mtashangaa udogo wake, sitamwongelea zaidi. Nendeni Matonge, mtaa uliopo Ixelles karibu na metro ya Porte de Namur, umepewa jina la mtaa wa Kinshasa. Kilingala ndo kinatawala ila mtu wa Bukavu, Goma au Lubumbashi hamumkosi, msalimie Kiswahili uone uso unavyofunguka, na hapo ndo mtaelekezwa wapi kuna pondu (kisamvu) na makayabu (samaki wa chumvi) ya ukweli. Mkiwa na nusu siku nyingine pandeni tramu namba 44 mpaka Tervuren kwenye makumbusho ya Afrika, yalifunguliwa upya Desemba 2018, Jumatatu yamefungwa. Sio sehemu ya kufurahisha, ni vitu vya Kongo vilivyobebwa wakati wa ukoloni, lakini nendeni.

Paris. Hapa ndo nilisema mlipie hoteli. Marafiki wengi wanaishi vitongoji vya mbali, mkirudi usiku ni treni, kisha basi, kisha simu ya "tumefika wapi hapa", na ukweli mwingine ni kwamba mume na mke mnahitaji siku mbili tatu za peke yenu katikati ya safari, mkizungumza bila kuvaa adabu za ugenini. Rafiki mkutane naye chakula cha mchana Jumapili. Nunueni kadi ya Navigo Easy, yuro 2, nayo kila mtu ya kwake. Makumbusho ya Louvre yamefungwa Jumanne, na tangu Januari 2026 sisi tunaotoka nje ya Ulaya tunalipa yuro 32 badala ya 22, sasa kwa watu wawili pimeni wenyewe kama mnapenda picha za ukutani kiasi hicho. Kanisa la Notre-Dame ni bure, lilifunguliwa tena Desemba 2024 baada ya ule moto wa 2019. Eiffel mimi nasema msipande, uangalieni kutoka Trocadéro usiku, giza likiingia kila saa kamili unameremeta dakika tano na hulipi kitu. Kwenye ngazi za kanisa la Sacré-Cœur kuna vijana wanakufunga kamba mkononi halafu wanadai hela, mikono mfukoni. Wezi wa pochi wapo stesheni ya Gare du Nord na ndani ya metro. Mkiimisi ndizi na mihogo shukeni kituo cha metro cha Château Rouge.

Cologne ni kupumzika. Ukitoka mlango wa stesheni kanisa kuu lipo usoni kwako, mita 157, walianza kujenga 1248 wakamaliza 1880. Wekeni mizigo kwenye makabati ya stesheni, tembeeni mtoni Rhine, laleni, asubuhi Berlin.

Berlin muipe siku nyingi, na sio kwa sababu ya rafiki tu. Makumbusho ya viumbe na mambo ya asili, Museum für Naturkunde (Jumatatu yamefungwa), ndani ya ukumbi mkubwa kuna mifupa ya dinosauri yenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, na ametoka kwetu, Tendaguru, Lindi. Walimchimba 1909 mpaka 1913, wakati wa Mjerumani, vibarua wakabeba mifupa kichwani mpaka bandarini, na msimamizi mkuu wa vibarua alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye jina lake limekuja kupewa dinosauri mwingine mwaka 2007, Australodocus bohetii. Simameni pale chini mtazame juu, halafu muamue wenyewe arudi au asirudi, sisi tulibishana mpaka kwenye treni. Halafu kuna mtaa wa Kiafrika kule Wedding, kitongoji cha Berlin, ilikuwepo barabara yenye jina la Carl Peters, yule mkoloni tuliyesoma habari zake, Agosti 2024 kipande kimoja wakakiita Maji-Maji-Allee. Piga picha na kibao. Kuba la Bunge, Reichstag, ni bure ila unajiandikisha mtandaoni kabla na unakwenda na pasipoti. Ukuta uliobaki, East Side Gallery, ni kilomita 1.3 za michoro, mwendo wa jioni moja.

Tiketi za karatasi za Berlin zigongwe kwenye kimashine kabla ya kupanda. Hakuna geti kwahiyo utadhani ni bure, wakaguzi wanavaa nguo za kawaida na faini ni yuro 60 kwa kichwa.

7. Namna ya kukaa kwa mtu

Viatu mlangoni, hiyo mnaijua. Bafuni sakafu nyingi hazina tundu la maji, sisi wa ndoo na kopo tunafurisha nyumba na maji yanashuka kwa jirani wa chini, oga ndani ya beseni lake na pazia livutwe. Mlango ukijifunga nyuma yako bila funguo ndo umejifungia nje, fundi wa kufuli wikiendi ni hela ya kulia, kwahiyo mmoja wenu awe na funguo mfukoni muda wote. Ukipika chapati washa feni ya jikoni na fungua dirisha, king'ora cha moshi hakijui kama ni chapati. Ujerumani kuanzia saa nne usiku ni kimya, simu za nyumbani zile za spika mpigie ndani kwa sauti ya chini. Taka zinatenganishwa, uliza ndoo ipi ni ya nini, na chupa za plastiki msitupe, Ujerumani nyingi zinarudishiwa senti 25 kwenye mashine ya supamaketi.

Siku ya pili asubuhi nendeni dukani mjaze friji bila kuuliza, ukiuliza watakataa. Angalieni kama kesho ni Jumapili, Ujerumani maduka yote karibu yamefungwa. Usiku mmoja wapikieni pilau ya viungo mlivyowaletea, usiku mwingine watoeni nje mlipe nyie, au kaeni na watoto ili mwenyeji na mwenzake watoke, hiyo kwa mzazi wa Ulaya asiye na dada wa kazi inazidi khanga zote. Mchana potea, usisubiri kutembezwa.

8. Kuondoka

Mkiwa mmenunua vitu vya maana dukani ombeni fomu ya kurudishiwa kodi wakati wa kulipa huku mkionyesha pasipoti, kuna kiwango cha chini, Ujerumani ni yuro 50 na senti, Ufaransa 100 na senti. Karatasi zote zinagongwa sehemu moja, mnapotoka Umoja wa Ulaya, yaani Berlin, kabla ya kukabidhi masanduku maana forodha wanaweza kutaka kuona mzigo. Treni ya uwanjani inataka tiketi ya kanda ABC, sio AB ya mjini. Fikeni masaa matatu kabla, na mashuka mliyolalia mmeshayatoa kitandani mmeyakunja pembeni ya mashine.